Mpaka Mashine ya Chenge Ilie

Pale Mkuyuni, ukitaka kumtania Rebeka Shigela, zima taa tu. Wauza mitumba wa mbele ya studio walijaribu siku moja. Mmoja alipenyeza mkono mlangoni akabonyeza swichi, na Rebeka, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwimbaji wa kwaya, akaruka kutoka kwenye kiti na kupiga goti mbele ya kompyuta. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alikaa nusu saa akikagua picha moja moja kama zimo, na tangu siku hiyo wakamwita Mama Hofu.

Jina lenyewe hakulikataa, maana lilikuwa la kweli. Rebeka alikuwa anaogopa, tena sana, na alichokiogopa ni kitu kimoja: umeme kukatika wakati kompyuta inaandika picha kwenye diski. Studio ilikuwa ya Mzee Anil, ambaye miguu ilikuwa imemgomea na sasa anashinda ghorofani na redio yake. Mkwewe Pinal, mama Rohan, ndiye aliyekuwa akipiga picha katika chumba cha mbele. Rebeka alikaa chumba cha nyuma na mashine, akizisafisha picha, akizichapa na kuzitunza. Nyuso za watu za miaka kumi na moja zilikuwa mikononi mwake: maharusi, wahitimu, watoto wa komunio ya kwanza, na wengi wao walikuwa wameshazikwa.

Kwa hiyo alifanya kazi akiwa amesimamisha masikio. Friji la soda la duka la jirani likinyamaza, alijua umeme umekwenda hata kabla ya taa kumwambia, na hapo alikuwa na dakika sita za betri ya UPS, kisanduku cha akiba ya umeme chini ya meza, kufunga kila kitu taratibu. Diski haikuchomolewa mpaka kitaa chake kiache kumetameta. Kila Ijumaa jioni alinakili picha zote kwenye diski ya nje, akaiviringishia kitambaa, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likaingia kwenye mkoba wake. Zamani diski za nje zilikuwa mbili. Moja ilikufa mwezi wa kwanza, na Pinal akasema atanunua nyingine, na mnajua maneno ya “nitanunua” yanavyokuwa.

Sheria yake kubwa kuliko zote ilihusu umeme unaporudi. Watu hushangilia, kila mmoja anawasha chake, na mara nyingi ukirudi hivyo huenda tena, ukarudi kwa nguvu kuliko ule wa kwanza. Rebeka hakuwasha kitu. Alisubiri mashine ya kusaga ya Chenge, ukuta wa pili. Chenge aliwahi kuunguza mota kwa pupa, na tangu hapo hawashi mashine mpaka ameridhika na moyo wake. Mashine ya Chenge ikilia na kusaga debe moja zima, Rebeka naye huwasha yake. Watu walimcheka kwa hilo pia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya masika. Tangu asubuhi wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa, jeusi, na Rebeka alikuwa ameshachungulia nje mara nne. Saa tano kasoro waliingia watu wawili wamelowa: mama mmoja mwenye khanga mbili, moja kichwani na moja kiunoni, na mwanaume wa makamo aliyeshika mwavuli uliovunjika.

“Shikamoo,” Rebeka alimwamkia mwanaume.

“Marahaba. Tuna msiba, dada,” akasema. “Mimi naitwa Maige. Huyu ni shemeji yangu, Selina. Amefiwa na binti yake, Precious. Marehemu kaka yangu ndiye aliyekuwa baba yake. Ndugu wanamchukua mochwari, tunakutana bandarini na kuvuka naye Nansio kwa meli ya saa nane. Tunataka picha ya kutangulia mbele ya jeneza.”

“Poleni sana. Pole mama.”

“Tumeshapoa,” Selina akajibu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Alieleza mwenyewe, kwa maneno machache. Nyumbani Nansio hapakuwa na picha ya binti hata moja. Simu ya marehemu alikuwa nayo kwenye mkoba, nzima kabisa, lakini imefungwa kwa namba aliyoijua marehemu peke yake, na amekwenda nayo. Rafiki zake wa chuo walipotafuta kwenye simu zao walipata maua na maneno ya dini aliyokuwa akiwatumia. Kitambulisho kilikuwa na picha ya ukubwa wa ukucha, imefifia. Wiki tatu zilizopita Precious alikuwa amemwambia mama yake kwa simu kwamba amepiga picha ya joho Mkuyuni, kwa Wahindi, na atakwenda kuichapisha akipata fremu. Kisha homa, siku nne, basi.

“Bibi yake ana miaka mitatu hajamwona,” Selina akasema. “Ananiuliza, huyo ninayemzika yukoje?”

Rebeka alimkumbuka. Msichana mrefu, kofia ya mahafali ilikuwa ikimponyoka, na kila ikiponyoka anacheka. Alitafuta jina, akabonyeza, na Precious akatokea kwenye kioo, mkubwa, meno yote nje.

Selina hakulia. Alisogea, akanyoosha kidole na kukigusa kioo kwenye shavu la mwanawe, na kioo kikabaki na alama ya maji ya mvua.

“Nitaikuza, niinyooshe kofia kidogo,” Rebeka akasema kwa upole. “Dakika ishirini mtakuwa nayo.”

Alikuwa ndiyo kwanza ameiambia mashine ihifadhi, pamoja na kazi nyingine za asubuhi alizokuwa amezifungua, radi ilipopasuka juu ya Igogo. Friji la jirani likanyamaza. Moyo wa Rebeka ulishtuka lakini mkono haukuwa na wasiwasi, kwa sababu UPS ilikuwepo. Ikatoa mlio mmoja mrefu ambao hakuwahi kuusikia, ikanuka plastiki, na kioo kikawa cheusi. Uso wa Precious ukaondoka mbele ya mama yake.

Rebeka aliinama chini ya meza. Kwenye tundu la UPS, kando ya waya wa kompyuta, palikuwa na waya mnene mweupe. Aliufuata kwa vidole ukutani mpaka chumba cha mbele, na mwisho wake ukawa jagi la kuchemshia maji, lina moto, na vikombe vitatu vimepangwa pembeni na majani ya chai na tangawizi.

“Mama Rohan!” aliita. “Nani amechomeka jagi huku?”

Pinal aliweka mkono mdomoni. “Mimi, dada Rebeka. Tundu la mbele halishiki. Nikasema wamelowa, wana msiba, wapate chai kwanza.”

Utamwambia nini mtu kama huyo? Pale mjini mfiwa hakai kwako bila kupewa cha kunywa, na Pinal alizaliwa na kukulia hapo hapo. Jagi linakula umeme mara kadhaa zaidi ya kompyuta, na betri haikuuweza mzigo huo. Huruma yake ndiyo iliyoiua UPS.

Baada ya dakika kumi umeme ulirudi. Watoto wa mtaa wakapiga kelele, “Umerudiii!” Maige akasimama. “Haya dada, washa.”

Rebeka alitega sikio ukutani. Mashine ya Chenge ilikuwa kimya. Alijua alichotakiwa kusema. Alitakiwa kusema subirini. Lakini mama wa marehemu alikuwa amesimama hapo amelowa, macho hayajaondoka kwenye kile kioo cheusi, na Rebeka aliona aibu. Utamwambiaje mfiwa angoje mashine ya unga? Akahamishia waya wa kompyuta kwenye tundu la ukutani, akawasha.

Kompyuta haikufunguka kama kawaida. Iliandika kwamba haikuzimwa vizuri na sasa inaikagua diski ya picha. Namba zikaanza kupanda: kumi, kumi na tano, ishirini na mbili.

“Inafanya nini?” Maige aliuliza.

“Inajirekebisha,” Rebeka alijibu, mdomo mkavu. “Ndani mna kitu kama daftari la mahudhurio ya darasa. Umeme ulipokatika mwalimu alikuwa katikati ya kuandika jina. Watoto wako darasani, ila daftari limechafuka. Sasa inaliandika upya.”

“Na ukikatika tena hapa?”

Rebeka alikuwa anaziangalia zile namba kama mtu anayemtazama mtoto akivuka barabara. Arobaini. Hamsini na tatu. Jasho lilimtoka mgongoni na mvua yote ile. Sitini na moja, na friji la jirani likanyamaza.

Umeme ulirudi tena baada ya dakika tatu. Kwa sababu mtu aliyekwisha kosea mara moja huwa anatafuta kulifuta kosa kwa haraka, Rebeka aliwasha mara ya pili. Safari hii mashine ilifunguka, lakini diski ya picha haikusomeka. Miaka kumi na moja ya nyuso, na mahali pake swali moja tu: diski haisomeki, je, iandaliwe upya? Chini yake, ndiyo na hapana.

“Bonyeza ndiyo,” Maige alisema. “Si inataka kujitengeneza? Bonyeza, muda unakwenda.”

Mkono wa Rebeka ulikuwa juu ya kipanya. Akauangalia mkono wake mwenyewe na akauogopa. Aliuondoa taratibu, akazima kompyuta, akazima na swichi ya ukutani, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kukaa kwenye stuli.

“Kuandaa upya ni kufuta kila kitu. Hapo tukibonyeza ndiyo, tunamzika mara mbili,” alisema.

Lilikuwa limebaki kopo. Alilitoa kwenye mkoba na kulipakata. Ndani yake mlikuwa na nakala ya Ijumaa iliyopita, na Precious akiwemo, na hapakuwa na nyingine duniani. Kompyuta ya mbele ya Pinal ilikuwa nzima. Ilikuwa kazi ya kuchomeka waya tu.

“Si hiyo hapo?” Maige akasema, na sauti yake ikaanza kupanda. “Kumbe ipo! Chomeka basi.”

“Siwezi sasa hivi, kaka Maige. UPS imeungua. Umeme ukiruka wakati diski iko kwenye mashine, nayo inaweza kwenda kama ile. Tusubiri mashine ya Chenge ilie.”

“Mashine ya nani?”

“Ya kusaga. Hapo ukutani.”

Maige alimwangalia Pinal, akamwangalia shemeji yake, kama anayetafuta shahidi wa maajabu aliyoyasikia. “Dada, sisi tuna maiti! Meli haimngoji mtu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, sasa wewe unatuambia tungoje unga?” Hata Pinal alisema kwa sauti ya chini, “Dada Rebeka, jaribu tu, labda utatulia.” Nje wauza mitumba walikuwa wameshasogea mlangoni, na mmoja akasema, “Mama Hofu leo kapatikana.”

Rebeka alilikumbatia kopo kwa mikono miwili. Alikuwa anaogopa kila kitu pale chumbani: radi, hasira ya mwanaume yule, kicheko cha mlangoni, kazi yake. Na zaidi ya yote alimwogopa yule mama asiyesema neno. Kwa hiyo akamgeukia yeye.

“Mama Precious,” alisema, “mimi mama yangu sina picha yake.”

Akalishusha kopo mapajani, akaendelea.

“Alikuwa nayo moja tu, ya karatasi, imeliwa na mchwa. Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa, huko Igogo. Nikaiingiza kwenye kompyuta ili isipotee, na ile ya karatasi ikaja kuisha yenyewe. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika. Nilipowasha, mashine ikaniuliza swali kama hili la leo. Watu wamepanga foleni, wananitazama. Nikaona haya kusema sijui. Nikabonyeza ndiyo. Mama alikufa mwaka uliofuata. Sasa ni miaka kumi na mbili. Sauti yake ninaikumbuka, mikono ninaikumbuka. Uso, mama, kila mwaka unakwenda. Siku hizi nikimwota, amegeuka upande wa pili. Leo nimeshaona haya mara mbili mbele yako, na mara zote mbili nimekosea. Sitaki ya tatu.”

Selina alilitazama kopo kwa muda. Kisha akavuta kiti na kukaa, akaikunja khanga iliyolowa magotini.

“Shemeji, kaa chini,” alimwambia Maige.

“Shemeji, meli…”

“Meli ikituacha tutalala bandarini naye. Kaa, tungoje hiyo mashine.”

Wakakaa. Umeme ulikuwa unawaka, taa nyeupe kabisa, mzuri wa kuaminika. Saa sita ikapita ukiwaka vile vile. Saa sita na robo. Maige alitikisa mguu mpaka stuli ikalia. Rebeka alianza kuwaza kwamba pengine yeye ni mwehu tu, kama wanavyosema. Pengine picha ingekuwa imeshatoka, imeshatiwa fremu, na yule bibi wa Nansio atakosa kuuona uso wa mjukuu wake kwa ajili ya woga wa mwanamke mmoja. Mikono ililegea juu ya kopo. Alifungua mfuniko. Aliishika diski ndani ya kitambaa chake.

Ndipo taa zikafifia, zikawa nyekundu, kisha zikawaka kwa ukali ambao haukuwa wa kawaida na kuzimika. Dukani kwa jirani kikasikika kishindo na mwenye duka akipiga yowe. Friji la soda lilikuwa linatoa moshi.

Wauza mitumba waliondoka mlangoni mmoja mmoja. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio, lakini siku hiyo kwa mwoga hakikwenda kicheko. Alikuwa analia, akirudisha mfuniko wa kopo.

Mvua ilikatika saa saba kasoro. Umeme ulirudi saa saba na dakika tano, na safari hii hata watoto hawakushangilia. Watu wanne wakakaa wanausikiliza ukuta. Dakika moja. Tatu. Maige mwenyewe alikuwa ameweka sikio kwenye plasta. Kisha upande wa pili kitu kikakohoa, kikavuta pumzi, kikaunguruma, na vumbi likaanza kudondoka darini kama kila siku.

“Inalia,” Maige alinong’ona.

“Bado. Debe moja,” Rebeka akasema. Na yule mtu aliyekuwa anafoka akatikisa kichwa kukubali.

Walisubiri debe zima. Rebeka akachomeka diski kwenye kompyuta ya mbele. Kitaa kikawaka, na kwa pumzi mbili hapakutokea kitu, na katika pumzi hizo mbili alizeeka. Majina yakajipanga. Akamchukua Precious, akamnakili kwanza, akasubiri kitaa kitulie, akaichomoa diski na kuirudisha kwenye kopo kabla hata hajaifungua picha. Akaichapa na kuitia fremu bila kuinyoosha kofia. Hapakuwa na muda, na Selina alisema, “Iache hivyo hivyo, inamponyoka.”

Saa saba na dakika thelathini na tano walitoka mbio, Selina amekumbatia fremu kifuani, Maige mbele anasimamisha bajaji. Pinal hakukubali kupokea malipo. Alirudi ndani akalichukua jagi lake na kulipandisha ghorofani, na halijashuka tena mpaka leo. Diski iliyoharibika ilipelekwa kwa fundi, na kwa sababu hakuna aliyeijibu ndiyo, sehemu kubwa ya picha zake ilipatikana. Wiki ile ile Pinal alinunua UPS mpya na diski mbili za nje.

Baada ya arobaini Selina alirudi, peke yake, na kapu la samaki wakavu wa Nansio. Alisema walikuwa wameiwahi meli. Alisema bibi aliipokea ile picha gatini na hakuiachia mpaka makaburini, akawa anamwonyesha kila mtu: tazameni, anacheka. Kisha akafungua khanga ya kichwani, akajifunga vizuri.

“Nipigeni na mimi,” alisema. “Nina wengine wawili nyumbani. Sitaki waje kusumbuka.”

Pinal alimpiga picha tatu. Rebeka akazihifadhi, akanakili kwenye diski ya kwanza, ya pili, ya tatu, akisubiri kila kitaa. Selina alikaa pembeni anamtazama bila haraka.

“Na yako ni ipi humo?” akauliza.

“Yangu?”

“Picha yako, mama. Wewe una watoto?”

“Ninao, wawili.” Rebeka aligeuka kwenye kioo kana kwamba anatafuta. Maelfu ya nyuso, miaka kumi na moja, kila moja aliijua kwa jina na tarehe. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba haimo.

Selina alisimama, akamwomba Pinal kamera na amwonyeshe pa kubonyeza. “Kaa vizuri,” akamwambia Rebeka. “Usiogope.”

Picha ilitoka imepinda kidogo upande wa kushoto. Rebeka yumo katikati, kitambaa cha kichwani kimekaa vibaya, mikono imeshikana mapajani, na macho yake hayaitazami kamera. Yanatazama chini ya meza, kwenye UPS. Hakuirudia. Aliihifadhi hivyo hivyo, mara tatu.